Amekwisha nani? Kesi ya mkongwe na kaseti yangu

Tulikuwa tunatoka kwenye shoo ya mwanamuziki mkongwe, ule msongamano wa getini ambao hutembei ila unasukumwa tu unajikuta uko nje, nyuma yangu jamaa anamwambia mwenzake, "Amekwisha huyu, bora ningekaa zangu nyumbani nikasikiliza albamu." Sikugeuka. Ningegeuka tungekorofishana bure, maana koo langu lilikuwa limekauka kwa kuimba, macho mekundu, na usiku ule nilikuwa nimeusubiri miaka 28. Ila ile kauli imeniganda, wiki ya tatu hii, na kila nikiizungusha kichwani naona jamaa hakukosea kusikia, masikio yake mazima kabisa, alichokosea ni kujua anafananisha nini na nini.

Jina la mwanamuziki silitaji. Kwanza kuna mambo nitasema hapa hayapendezi sana, pili haina haja, kila mtu wa rika langu ana wake, weka wako hapo hesabu itatoka ileile.

Nilimsikia mara ya kwanza nikiwa na miaka 14, redioni, na wimbo wenyewe ulikuwa wa zamani hata wakati huo. Enzi zile ukiupenda wimbo huna pa kuutafuta, unauvizia. Unaweka kaseti, unakaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, siku ya tatu au ya nne ndo unapigwa. Na mtangazaji naye hakuachii, anaongea mpaka mwimbaji anakaribia kufungua mdomo, kwa hiyo wimbo wangu mimi unaanza na gita afu juu yake mtu anataja saa. Miaka yote. Katikati ya ubeti wa pili mkanda uliwahi kuliwa na redio, nikauchomoa taratibu, nikaunyoosha kwa kucha, nikaurudisha ndani kwa kuzungusha kalamu, ila pale palipokunjamana sauti inazama kama mtu kaingizwa kichwa kwenye ndoo ya maji halafu anaibuka. Nusu sekunde tu. Kwangu mimi ule mzamo ni sehemu ya wimbo sawasawa na gita.

Kuna na jambo la mwendo. Kaseti imepangiwa kukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, ndo kiwango chake. Sasa siku ninarekodi betri zilikuwa hoi, mkanda ukawa unajivuta, na kitu kilichorekodiwa hivyo ukija kukipiga na betri mpya kinakimbia, na tofauti ya asilimia 6 tu inatosha kupandisha wimbo mzima nusu toni. Kwa hiyo mwimbaji wangu alikuwa anaimba juu kuliko mwimbaji wa watu wengine wote na mimi sina habari. Nimekuja kusikia CD ya rafiki yangu nikiwa mtu mzima, nikamwambia hii wamerekodi upya, imepoa. Akanicheka sana. Ndo kwanza nilikuwa nausikia wimbo wenyewe, na sikuupenda.

Shika hapo, nitarudi.

Usiku wa shoo sasa. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ulipita, ukapita na mwingine, masaa mawili tumesimama tunasikiliza muziki wa kujazia. Nyimbo mbili za mwanzo saundi ilikuwa mbovu, besi imemeza kila kitu, unaona midomo inacheza husikii neno, aliyekuwa kwenye mitambo sijui alikuwa anasikiliza nini. Hayo ni malalamiko halali na simtetei mtu. Lakini jamaa wa getini hakulalamikia hayo.

Mkongwe alipanda ngazi za steji kashikwa kiwiko na kijana mmoja, walipofika pale taa zinapoanzia kijana akamwachia, akamalizia mwenyewe hatua kama kumi hivi hadi kwenye kistuli. Akakaa. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati bila haraka yoyote na watu maelfu wanapiga mayowe, akaivaa, akafungua jalada la makaratasi kwenye stendi mbele yake. Yaani mashairi kayatunga mwenyewe na anayavalia miwani. Kuna waliocheka. Mimi nikakumbuka kwamba na ya kwangu iko mfukoni, nimeivua makusudi nisionekane mtu mzima.

Nilikuwa mbali, kama mita 100 kutoka stejini, na spika zote ziko kulekule mbele. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwa umbali ule inachelewa karibu theluthi moja ya sekunde wakati mwanga umeshafika zamani. Namwona mpiga drams anashusha fimbo, fimbo inanyanyuka, ndo "pa!" inanifikia. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona, usiku kucha mikono inatangulia na muziki unafuata nyuma.

Halafu lile gita likaanza. Lenyewe. Na mimi, nakuapia, nikawa namsubiri mtangazaji ataje saa.

Hakutaja. Ikaja sauti, na kwa sekunde tatu nne sikuijua ni ya nani. Iko chini, ina mikwaruzo, inaingia nyuma kidogo ya mapigo. Wimbo ulikuwa umeshushwa, toni moja na nusu kwa makadirio yangu, na kwa mimi niliyelelewa na kaseti ya betri mbovu ilikuwa toni mbili kamili. Ubeti wa pili nikajikuta nasubiri ule mzamo wa mkanda, haukuja, nikahisi kama kuna kitu kimerukwa. Kiitikio kina sehemu inayopanda, ile ambayo kila wimbo mkubwa inayo, ile ambayo wewe bafuni inakushinda, na ilipokaribia watu wakapunguza kuimba ili wamsikie. Hakupanda. Akajivuta nyuma ya maiki, dada mmoja kati ya waitikiaji akaichukua noti ya juu, na mkongwe akapita chini yake na mstari mwingine kabisa, haupo kwenye albamu, kama mzazi anaongea na mtoto wake aliyeko chumba cha pili. Mimi hapo ndo nililia. Jamaa wa getini nadhani hapo ndo alipoandika hukumu.

Sasa tuchambue.

Sauti ni nyama, inazeeka kama goti. Nyuzi za sauti zilizomo kooni zinapoteza unene na mnyumbuko, gegedo zinazozishikilia zinakomaa kuelekea mfupa, mapafu yanabeba hewa kidogo kuliko zamani, misuli ya mbavu inachoka mapema. Kwa wanaume nyuzi zikikonda sauti mara nyingi inakuwa nyembamba, ina pumzi pumzi, kwa wanawake baada ya kukoma hedhi inashuka na kuwa nzito. Ule mtetemo wa mwisho wa noti ndefu nao unapanuka na kupunguza kasi, ndo maana mwimbaji mzee unamjua hata umefumba macho. Mazoezi yanasaidia, kuacha sigara kunasaidia, wapo waliobarikiwa, ila hakuna aliyesamehewa.

Kwa hiyo mtu aliyerekodi noti ya juu akiwa na miaka 26 akifika 67 njia zake zinahesabika. Anaweza kushusha kii, wimbo mzima unateremka, bendi inajifunza upya, na besi na gita vinabadilika rangi kwa sababu nyuzi zinazopigwa ni nyingine. Anaweza kumpa noti ngumu mwitikiaji. Anaweza kunyoosha maiki kwa watazamaji ilipo noti ngumu, ujanja wa zamani huo na ukitumika mara moja unapendeza, ukitumika kila kiitikio ni utoro. Au anaweza kuweka pleibeki, aachie sauti ya miaka 26 itoke kwenye spika yeye anacheza na midomo. Hii ya mwisho ndo pekee ambayo ingemridhisha jamaa wa getini, na ndo pekee ambayo mimi ningedai hela yangu. Mkongwe kushusha kii ametuambia ukweli mbele za watu kwamba mwili huu si ule, na akafanya kazi ya ziada ili wimbo uingie kwenye mwili alionao. Kazi hiyo huwa haionekani. Tunaona tu kwamba hakupanda.

Afu tuulize, hiyo albamu tunayomlinganisha nayo ni nini hasa? Ni siku chache za studio, wimbo umeimbwa mara nyingi, ikachaguliwa iliyo nzuri au vikaunganishwa vipande vya kadhaa, kukawekwa mwangwi, ikagandishwa. Kuanzia hapo haijazeeka hata dakika moja. Mwenye wimbo alitoka studio akaendelea kuimba, mara elfu na kitu, kwenye kumbi nzuri na kumbi mbovu, akiwa na mafua, akiwa kafiwa, na kila mara wimbo unasogea kidogo. Sisi tumebaki na ile siku moja. Kumhukumu kwa albamu ni sawa na kumsimamisha mtu mlangoni ukamwambia hufanani na picha yako ya harusi.

Na ushahidi kwamba shida haiko kwenye uzee upo, tena unao. Bi Kidude, wengi duniani walimjua akiwa tayari bibi, sauti imekwaruza kama mbao, na mpaka anafariki Aprili 2013 hujawahi kusikia mtu katoka kwenye shoo yake akisema amekwisha. Cesária Évora wa Cape Verde, aliyezaliwa 1941, jina lake lilivuma duniani 1992 akiwa na miaka kama 50. Compay Segundo wa Cuba alizaliwa 1907, umaarufu wa dunia ukamkuta 1997 ana karibu miaka 90, na watu walijaza kumbi kumsikiliza. Hao wote walikuwa wazee stejini na hakuna aliyewadai ujana, kwa sababu wengi wetu hatukuwa na kaseti ya ujana wao chumbani. Mwanamuziki aliyetukuta sisi tuna miaka 14 hana bahati hiyo. Ushahidi dhidi yake tunao, tumeutunza kwa kalamu.

Nasema tumeutunza maana kichwa nacho kina mchango. Watafiti wa kumbukumbu wanajua siku nyingi kwamba ukimwambia mtu mzima akumbuke maisha yake, mambo yanajazana kwenye kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 hivi, na kwenye muziki mlundikano huo unaonekana wazi kabisa. Mambo ya mara ya kwanza, mwili unabadilika, unatafuta wewe ni nani, wimbo unaingia kabla saruji haijakauka. Kingine, 2011 watafiti wa Montreal wakiongozwa na Valorie Salimpoor walipima ubongo wa watu wanaosikiliza muziki wanaoupenda, wakakuta dopamini, ile kemikali ya raha, inatoka mara mbili mahali pawili tofauti: sehemu moja mtu akiwa anasubiri ile sehemu tamu, sehemu nyingine ikifika. Yaani kusubiri kwenyewe ni raha inayojitegemea. Hapo walipima kusubiri kwa sekunde kadhaa. Mimi nilikuwa nimesubiri miaka 28, na noti ikaja imebebwa na mtu mwingine. Sijui mashine yao ingeandika nini, ila najua kwamba jamaa wa getini alichokuwa anadai ni ile ya pili baada ya kuila ya kwanza miaka yote bila kulipa mtu.

Wanaosema zamani shoo zilikuwa shoo, sauti kama albamu, nao niwakumbushe kitu. Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, watu zaidi ya 55,000, mitambo ya wakati ule haikufua dafu mbele ya mayowe. Waliokuwepo walisikia mayowe. Wenyewe stejini walikuwa hawajisikii vizuri, na mwaka uliofuata wakaacha kabisa kuzunguka kwenye matamasha. Lakini mtafute mtu aliyekuwa uwanjani siku ile umwambie alipoteza hela, uone atakavyokutazama.

Kuna hoja nyingine huwa inatupwa, kwamba hawa wakongwe wanarudi stejini kwa sababu ya hela tu. Sawa, na wewe kazini unaenda kwa sababu gani? Hesabu iko wazi: Napster, ile programu ya kugawiana nyimbo mtandaoni, ilipoingia 1999 watu wakajifunza kupata nyimbo bure, mauzo ya rekodi duniani yakaporomoka karibu kila mwaka hadi 2014, na hela ya kusikilizwa mtandaoni inayomfikia mwanamuziki wa kawaida kwa kila wimbo ni vipande vya senti. Kilichobaki ni tiketi. Zamani shoo ilikuwa inatangaza albamu, siku hizi albamu inatangaza shoo. Leonard Cohen, mwimbaji wa Kanada, mzaliwa wa 1934, katikati ya miaka ya 2000 aligundua akiba yake ya uzeeni imeliwa, akarudi barabarani 2008 ana miaka 73 baada ya miaka 15 bila kufanya ziara. Sababu ilikuwa hela, hakuficha. Na ndo ziara ambayo wengi wanaihesabu kuwa kilele chake, sauti iko chini kama ngazi za ghorofa ya chini kabisa, anapiga goti, anavua kofia mbele ya wapiga vyombo wake. Njaa haikuharibu kitu pale.

Na kama tatizo lako ni kwamba wanazeeka, dawa imeshapatikana. ABBA, lile kundi la Sweden, tangu Mei 2022 wana shoo London ambayo wenyewe hawapo, wapo wale wa kompyuta, wanafanana na walivyokuwa 1979, bendi ya chini ni watu wa kweli, juu ni taa. Wanasema inapendeza sana na mimi siikatai, nikipata nafasi nitaenda kuishangaa. Ila pale hakuna anayefuta miwani. Hakuna hatari yoyote. Mtu aliyekaa kwenye kistuli anaweza kukosea, na mkongwe wangu alikosea kweli, wimbo wa saba hivi alirukia ubeti wa tatu kabla ya wa pili, watu wakaimba wa pili kwa nguvu, akanyamaza, akatega sikio, akageuza karatasi zake akaangalia, akacheka akasema, "Mko sahihi." Uwanja mzima! Sasa hiyo utaiweka wapi kwenye kompyuta.

Anayenigusa zaidi katika habari hizi ni Joni Mitchell, mwimbaji na mtunzi wa Kanada. Mwaka 2015 mshipa wa damu ulimletea shida kwenye ubongo, akajifunza upya kutembea, akajifunza upya gita, na mwenyewe alisema alikuwa anaangalia video zake za zamani aone vidole anaviweka wapi. Hebu fikiria hilo, mtu anajiiga mwenyewe. Julai 2022 akatokea bila kutangazwa kwenye tamasha la Newport, amekaa kwenye kiti, wanamuziki wadogo wamemzunguka, sauti imeshuka mbali sana na ile ya msichana wa miaka ya 1960, na nyimbo alizoandika akiwa na ishirini na kitu kuhusu kuona maisha pande zote ndo kwanza zikapata mtu wa umri wa kuziimba. Alikuwa na miaka 78. Ningemweka jamaa wa getini pale nimuulize, ungebaki nyumbani?

Halafu kuna hili la "nitaenda akija tena". Miriam Makeba alianguka baada ya kuimba huko Castel Volturno, Italia, Novemba 2008, akafariki usiku huohuo ana miaka 76. Papa Wemba aliangukia stejini Abidjan, Aprili 2016. Mimi mwenyewe nilikuwa na wimbo huo wa nitaenda akija tena, mara mbili nimemkosa mkongwe wangu, mara ya kwanza sikuwa na hela, mara ya pili nilikuwa nayo nikaona uvivu, foleni, mvua, kesho kazi. Hiyo ya pili inaniuma.

Nikiri na jingine, maana nimemshambulia sana mtu ambaye hata sura yake sikuiona. Katikati ya shoo mkongwe akasema, "Sasa tunawapigia moja mpya." Unajua kinachotokea hapo. Watu wanakumbuka kibofu. Mistari ya kwenda vyooni ikajaa ghafla, wengine wakatoa simu wakaanza kujibu meseji, na mimi nilikuwa kwenye mstari wa vyoo, wa sita kutoka mlangoni, nikiusikia ule wimbo kwa mbali kupitia ukuta wa bati. Wiki iliyofuata nikautafuta. Ndo wimbo bora alioimba usiku ule, na sababu yake ni rahisi, umetungwa kwa sauti aliyonayo sasa. Haupandi pasipopandika. Hauna noti ya kumpa mtu mwingine, kila neno limekaa mahali koo lake linapofika lenyewe, na ile mikwaruzo ambayo kwenye nyimbo za zamani inasikika kama hasara hapa ndo utamu. Ulikuwa umeshonwa kwa vipimo vipya, na mimi niliyelia kwa sababu ya wimbo wa kaseti nilikuwa chooni. Kwa hiyo tofauti yangu na jamaa si kubwa kivile, yeye alikataa mkongwe aliyepo kwa kusema, mimi kwa kwenda haja ndogo.

Huu ndo mtego wenyewe. Mwanamuziki akipiga za zamani kama zilivyo tunamwambia hana jipya, akizibadilisha kaziharibu, akileta mpya tunaenda kujisaidia. Bob Dylan yuko barabarani tangu 1988 karibu mfululizo na nyimbo zake anazigeuza mpaka mtu anaimba nusu ubeti ndo anajua ni upi, na miaka yote kuna watu wanatoka wamenuna. Wengine wameamua kupiga noti kwa noti kama ilivyokuwa, wanaonekana stejini wamekaa macho wazi wamelala. Nikilazimishwa kuchagua nachagua Dylan, ingawa natamani angetutajia angalau jina la wimbo.

Simu nisiisahau. Nilirekodi sekunde 40, za ile sehemu inayopanda. Kuna utafiti wa Linda Henkel uliotoka 2014, watu walizungushwa makumbusho, vitu walivyovipiga picha walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyoviangalia tu kwa macho. Mimi yangu imethibitisha kwa namna nyingine. Nimeiangalia: kuna kisogo cha mtu, kuna mkono umeshika simu nyingine ambayo nayo inarekodi kisogo, kuna doa la mwanga ambalo ndo yeye, na juu ya vyote kuna sauti yangu mimi, nje ya kii, kwenye kimo kilekile cha kaseti, toni mbili juu ya bendi nzima. Sikujua naimba hivyo. Yaani bendi imeshuka, yule dada anaimba, mkongwe anapita chini, na mimi peke yangu niko huko juu namwimbia mtu wa mwaka ule.

Kulikuwa na binti pembeni yangu, labda miaka 20, anajua kila neno. Nikamuuliza umezijulia wapi hizi, akasema za baba, tulikuwa tunasafiri naye kwenye gari. Kuna watafiti wawili, Carol Krumhansl na Justin Zupnick, waliandika 2013 kwamba vijana wanashikana pia na nyimbo za ujana wa wazazi wao, kwa hiyo nadhani hilo ni jambo la kawaida. Lakini nilichokigundua ni kwamba ilipofika ile sehemu inayopanda hakusubiri chochote. Alifuata mstari wa chini wa mkongwe, papo hapo, kaushika kwenye kiitikio cha pili kaimba naye hadi mwisho. Yeye hakuwa na kesi na mtu.

Nimerudi nyumbani, kesho yake nikauweka wimbo, ule wa albamu, kwenye simu, masikioni, safi kabisa, hamna mtangazaji, hamna mkunjo. Na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu ambacho miaka 28 sijakisikia. Anayeimba ni mtoto. Ana miaka 26, mimi nina 42, nina wadogo zangu wamempita umri, na anaimba kuhusu kuachwa kwa uhakika wa mtu ambaye hajaachwa bado na wengi. Anapanda pale juu bila shida yoyote, kama mtu anayepanda ngazi mbili mbili. Nikamsikiliza hadi mwisho, nikarudisha nyuma kwenye kile kiitikio, na alipofika juu nikajaribu kuuweka chini yake ule mstari wa mkongwe, taratibu, watu wa nyumbani wamelala. Umeingia.